Kati ya Haraka na Ngoja Ngoja

Wasomaji wetu, wahenga walituachia methali mbili ambazo, zikiwekwa pamoja, zaonekana kugombana. Ya kwanza yasema, "Haraka haraka haina baraka." Ya pili yasema, "Ngoja ngoja huumiza matumbo." Kila mzazi amezitumia zote mbili, pengine siku moja, pengine kwa mtoto yule yule. Wala hatuoni ajabu, maana twajua kwamba kuna mambo yanayoharibika kwa kuharakishwa, na mengine yanayooza kwa kungojwa. Shida huja pale jambo moja linapokuwa na hatari zote mbili kwa pamoja. Juma hili twapenda kutafakari pamoja nanyi juu ya jambo la namna hiyo.

Tuanze nyumbani. Mama yumo jikoni, chungu kiko motoni, na watoto wawili waja mbio wakilia. Mkubwa asema kalamu yake imechukuliwa; mdogo asema alipewa. Mama aweza kufanya moja kati ya mambo matatu. Aweza kusema, "Nyamazeni nyote," na kelele zitakwisha. Aweza kuivunja ile kalamu ya risasi vipande viwili, ampe kila mmoja kipande chake, na machozi yatakauka. Au aweza kuweka mwiko chini, amsikilize huyu, amsikilize na yule, amwite mtoto wa jirani aliyekuwapo, mpaka ajue ni nani asemaye kweli. Karibu sote twasema kwamba njia ya tatu ndiyo ya haki. Lakini itakuwaje kama nyumba ina watoto kumi, na kila saa huzuka ugomvi mpya? Chakula kitaungua, na wote, mkweli na mwongo, watalala na njaa.

Serikali inapoahidi kwa sheria kwamba hakuna raia atakayenyimwa haki yake kwa ajili ya rangi, kabila au dini, au kwa kuwa ni mwanamke, yajiweka mahali pa mama yule. Hufungua ofisi, huweka wachunguzi, na juu yao huweka mkuu mmoja wa kuwaongoza. Watu huja na malalamiko yao. Mkuu huyo ndiye tunayemfikiria leo. Yeye hapimwi kwa maneno mazuri ya sheria, bali kwa meza yake: kuna majalada mangapi juu yake, yamekaa muda gani, na yatatoka hapo na jibu gani. Swali lake ni hili: akiwa hana watu wa kutosha kuyachunguza yote kikamilifu, je, awape wote jibu la haraka, au awape wachache jibu la kweli na wengine wangoje?

Ili tusiseme maneno ya hewani, yafaa tutazame ofisi moja iliyopambana na swali hilo kwa miaka mingi, hadharani, huku wakuu wake wakilijibu kwa namna mbalimbali. Ofisi hiyo iko Marekani. Tukiisha kuitazama tutarudi kwetu Tanzania, maana sisi nasi tuna hadithi yetu, nayo ilianza karibu wakati ule ule.

Tarehe 2 Julai 1964 Rais Lyndon Johnson wa Marekani alitia sahihi Sheria ya Haki za Raia. Sehemu moja ya sheria hiyo yamkataza mwajiri kumbagua mtu kazini kwa ajili ya asili yake, rangi yake, dini yake au nchi alikotoka, au kwa kuwa ni mwanamume au mwanamke. Ili ahadi hiyo isibaki karatasini, iliundwa Tume ya Usawa wa Nafasi za Kazi, nayo ikafungua milango mwaka mmoja baadaye, tarehe 2 Julai 1965. Wenyewe walitazamia kupata malalamiko kama 2,000 katika mwaka wa kwanza. Yalikuja 8,852. Tena Tume ilikuwa imepewa masikio bila kupewa mikono: iliweza kusikiliza, kuchunguza na kutafuta suluhu, lakini mwajiri akikaidi haikuweza kumpeleka mahakamani. Uwezo huo ilipewa mwaka 1972.

Kazi yenyewe, ukiitazama kwa nje, ni nyepesi. Mtu aja na kusema, "Nimefukuzwa kazi kwa sababu ya rangi yangu." Sheria yamtaka aje katika siku 180, au katika siku 300 mahali penye sheria na ofisi ya jimbo ya kukataza ubaguzi huo. Mwajiri apelekewa habari ya lalamiko, atoa jibu lake. Ikionekana kuna sababu ya kuamini kwamba sheria imevunjwa, pande mbili zaitwa kwenye suluhu, na suluhu ikishindikana yawezekana kwenda mahakamani. Isipoonekana, mlalamikaji hupewa barua ya kumwambia hivyo, na barua hiyo humruhusu kufungua shauri mwenyewe katika siku 90.

Lakini kwa ndani kazi hii ni ngumu kupita wengi wanavyodhani. Mbaguzi haandiki barua ya kusema, "Nakufukuza kwa sababu wewe ni mweusi." Huandika, "Nakufukuza kwa sababu ulichelewa." Naye pengine alichelewa kweli! Basi mchunguzi hana budi kuuliza: Na wengine je? Ni nani aliyechelewa mwezi ule naye hakufukuzwa? Ni wa rangi gani? Kwa hiyo sharti aombe vitabu vya mahudhurio, asome karatasi za mishahara, awatafute waliokuwako, alinganishe jina na jina, tarehe na tarehe. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Mlalamikaji avuta, mwajiri avuta, na kweli hupatikana tu na yule aliye tayari kukaa na vitabu mpaka macho yamuume. Kazi hiyo haiishi kwa siku moja.

Na wakati mchunguzi mmoja anaposoma kitabu kimoja, majalada 100 yamekaa kabatini yakingoja. Kungoja si jambo la bure. Shahidi ahama mji. Msimamizi aliyetoa amri astaafu au afariki. Kampuni yafungwa. Mlalamikaji mwenyewe, aliyekuja na uchungu wa jana, baada ya miaka miwili au mitatu hakumbuki tena ilikuwa Jumanne au Alhamisi, na kusahau huko kwaonekana kana kwamba ni uongo. Mwajiri naye, ambaye pengine hana kosa, atembea muda wote huo na doa jinani mwake. Hivyo kuchelewa humuumiza mwenye haki kwanza, awe upande gani.

Ilipofika mwaka 1977, majalada yaliyokuwa yakingoja katika Tume ile yalikuwa yamepita 100,000. Mwaka huo Rais Jimmy Carter alimweka Bibi Eleanor Holmes Norton, mwanasheria Mmarekani Mweusi, kuwa mwenyekiti. Naye ndiye mwanamke wa kwanza kuishika kazi hiyo. Bibi Norton aliona kwamba mlima ule hautahamishwa kwa kijiko. Akaweka utaratibu mpya: lalamiko likiingia, mlalamikaji na mwajiri waitwe upesi waketi meza moja mbele ya mchunguzi, kila mmoja aeleze, karatasi ziletwe, na kama yawezekana wapatane hapo hapo. Mlima ukaanza kushuka. Watu wengi ambao wangengoja miaka walipata kitu mkononi katika miezi michache: huyu karudishwa kazini, yule kalipwa fedha kidogo, mwingine kapewa barua safi ya kuombea kazi mahali pengine.

Je, ilikuwa haki? Wako waliosema sivyo. Walisema kwamba suluhu ya upesi yafanana na kuivunja kalamu vipande viwili: machozi yakauka, lakini hakuna aliyejua kalamu ilikuwa ya nani. Mwenye haki kamili alipata nusu, na asiye na haki alipata nusu. Kwa mwajiri mwenye fedha ilikuwa nafuu kulipa kidogo na kuendelea na desturi yake. Bwana Clarence Thomas, aliyeiongoza Tume hiyo toka 1982 mpaka 1990, aligeuza njia. Chini yake Tume ilikusudia kulichunguza kila lalamiko kikamilifu. Neno hilo ni zuri masikioni, nani awezaye kulipinga? Lakini majalada yakarundikana upya, na mwaka 1995 yalikuwa tena zaidi ya 100,000. Mwaka huo, chini ya mwenyekiti Gilbert Casellas, Tume ikachukua njia ya tatu: malalamiko yagawanywe mafungu matatu mara yanapoingia. Fungu la kwanza ni yale ambayo yaelekea kuwa na ukweli, hayo yapewe nguvu kubwa. La pili ni yale ambayo hayajulikani bado, hayo yatafutiwe habari zaidi. La tatu ni yale ambayo kwa uso wake hayana msingi, hayo yafungwe mapema.

Hivyo ofisi moja, chini ya sheria ile ile, ilijibu swali letu mara tatu kwa namna tatu, na kila mara kwa sababu zenye maana. Hatuwaiti wakuu wale wajinga wala wabaya. Aliyeharakisha aliwahurumia waliongoja. Aliyetaka ukamilifu aliona kwamba asiyechunguza hajasikiliza. Aliyegawa mafungu alikubali kwamba mikono ya mwanadamu ni miwili tu. Sisi twauliza: ni lipi lililo la lazima, ambalo mkuu wa uchunguzi hawezi kuliacha, hata akichagua njia ipi?

Kwanza twaona kwamba kupanga si kubagua. Mganga mkuu wa hospitali akimtanguliza aliyeumwa na nyoka mbele ya mwenye kikohozi, hamdhulumu mwenye kikohozi. Lakini ili apange kwa haki, sharti amtazame kila mmoja. Huyo mwenye kikohozi huenda ana kifua kikuu. Vivyo hivyo mkuu wa uchunguzi aweza kuweka lalamiko hili mbele na lile nyuma, aweza hata kulifunga mapema. Lakini hana ruhusa ya kulifunga lisilosomwa. Watu wa kawaida hawajui kuandika kama wanasheria. Barua yenye kurasa sita juu ya matusi ya msimamizi yaweza kuwa na mstari mmoja katika ukurasa wa tano wenye shauri lenyewe. Anayepewa kazi ya kugawa mafungu asiwe karani mgeni aliyeajiriwa jana, bali awe mchunguzi mzoefu kuliko wote, kwa sababu kosa lake ndilo lisiloonekana tena.

Pili, twaona kwamba suluhu ya upesi ni njema pale lalamiko ni la mtu mwenyewe, naye ajua anachokiacha. Mtu aliye na watoto wa kulisha aweza kusema, "Nipe mshahara wa miezi mitatu sasa, nisingoje ushindi wa miaka minne." Ni shauri lake, tusimlazimishe kuwa shujaa kwa njaa ya wanawe. Lakini kuna malalamiko ambayo si ya mtu mmoja, ijapokuwa yaletwa na mtu mmoja. Kwa mfano huu tutaona wazi. Kabla ya siku za Bibi Norton, kampuni ya simu ya AT&T ilikuwa mwajiri mkubwa kupita waajiri wote wa Marekani wasio serikali. Malalamiko mengi juu yake yalikuwa yakija kwenye Tume, moja moja: mwanamke huyu hapa hakupandishwa cheo, yule kule alikataliwa kazi ya fundi. Kila moja lingeweza kumalizwa kwa fedha kidogo. Lakini yalipowekwa pamoja na vitabu vya kampuni vikasomwa, umbo lenyewe lilitokea: kazi ya kuunganisha simu za watu ilikuwa ya wanawake, kazi ya ufundi yenye mshahara mzuri ilikuwa ya wanaume, na weusi walikuwa chini. Mwezi Januari 1973 kampuni, bila kukiri kosa, ilikubali mbele ya mahakama kubadili desturi hiyo na kulipa kama dola milioni 15 kwa wafanyakazi kama 15,000. Kama kila lalamiko lingekatwa vipande viwili siku lilipoingia, desturi ile ingeendelea, na mabinti wa wanawake wale wangeikuta.

Kwa hiyo mkuu wa uchunguzi yampasa kuyasoma majalada kama mkulima asomavyo majani. Jani moja lenye doa si neno. Lakini majani mengi yenye doa lile lile, upande ule ule wa shamba, ni ugonjwa. Mlalamikaji aweza kuiuza haki yake mwenyewe akipenda, lakini hawezi kuiuza haki ya wenzake ambao hawajaja. Hao hawana msemaji mwingine isipokuwa yule anayeyaona majalada yote kwa pamoja.

Tatu, na hili ndilo twaliona kuwa kubwa kuliko yote: jibu litolewalo liwe la kweli juu ya uchunguzi wenyewe. Kuna tofauti kubwa kati ya kusema, "Tumechunguza, hatukuona ushahidi," na kusema, "Hatukuchunguza, kwa sababu nguvu zetu hazikutosha." Kuna tofauti tena kati ya "Haikuthibitika" na "Si kweli." Lakini barua za ofisi, kokote duniani, hupenda kuzifunika tofauti hizo kwa maneno mapana yenye heshima. Mtu ambaye jalada lake halikufunguliwa apata barua ile ile ya yule ambaye jalada lake lilichunguzwa kwa mwaka mzima. Aisoma mbele ya mkewe na watoto wake, nao waelewa kwamba serikali imemwona baba yao kuwa mwongo. Hapo ofisi iliyoundwa ili kuondoa dhuluma imetenda dhuluma yake yenyewe. Jibu la upesi laweza kuwa la haki. Jibu la kukawia laweza kuwa la haki. Jibu la uongo haliwezi kamwe.

Mtu aweza kutupinga na kusema: "Mkuu wa ofisi akikiri kwamba hakuchunguza, ataiaibisha serikali, na raia watapoteza imani." Twajibu kwamba imani iliyosimama juu ya kudanganywa haifai kutunzwa, siku ya kuanguka kwake itaanguka pamoja na mengi mema. Tena kukiri huko kuna faida tatu zinazoonekana. Mlalamikaji, akijua kwamba hakuchunguzwa, aweza kutafuta mwanasheria au kwenda mahakamani kabla mashahidi hawajatawanyika. Wabunge, wakijua ni majalada mangapi yamefungwa bila kuchunguzwa, hawawezi kujifanya hawaoni wanapogawa fedha. Na wachunguzi wenyewe watalindwa na jaribu lile baya kuliko yote, la kuyaita majalada yaliyofungwa kuwa kazi iliyotendeka.

Wala tusimsahau aliyelalamikiwa. Huruma kwa mnyonge ni wema, lakini mchunguzi anayefika na hukumu yake mfukoni hamsaidii mnyonge. Uchunguzi unaoegemea upande mmoja huvunjika mara unapofika mbele ya hakimu, na mnyonge hubaki na aibu pamoja na hasara. Msimamizi wa kazi naye ana jina, ana mke na watoto, na aweza kusingiziwa na mfanyakazi mvivu. Haki ya kwanza ya mlalamikaji si kushinda, bali kuchunguzwa kwa kweli. Na hiyo ndiyo haki ya kwanza ya mlalamikiwa pia. Ajabu ni kwamba wote wawili, ambao hawakubaliani juu ya lolote, wana dai moja tu kwa mkuu wa uchunguzi.

Sasa turudi kwetu. Mwaka 1965, mwaka ule ule Tume ya Marekani ilipofungua milango, Tume ya Rais iliyoongozwa na Mheshimiwa Rashidi Kawawa juu ya nchi kuwa na chama kimoja ilitoa taarifa yake. Iliona kwamba wenye madaraka wakiwa wengi na chama kikiwa kimoja, raia wahitaji mahali pa kupeleka malalamiko yao. Hivyo ikazaliwa Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, iliyoanza kazi mwaka 1966 chini ya Chifu Erasto Mang'enya. Jambo jema ambalo twalikumbuka ni kwamba wajumbe wake hawakukaa Dar es Salaam wakingoja barua. Walizunguka mikoani, wakaeleza kazi yao kwenye mikutano, wakayasikiliza malalamiko kwa mdomo. Kwa nchi ambayo wengi walikuwa hawajui kusoma wala kuandika, hiyo haikuwa hisani, ilikuwa sehemu ya haki yenyewe. Lakini Tume ile ilipeleka taarifa zake kwa Rais, naye ndiye aliyeamua la kufanya. Kwa hiyo raia aliweza kusikilizwa vizuri sana, na bado asijue ni nini kilichoandikwa juu yake.

Mwaka 2001 mahali pake palichukuliwa na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo imetajwa katika Katiba yetu, na ambayo mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Jaji Robert Kisanga. Mwezi Oktoba mwaka huo huo wakazi wa Nyamuma, katika wilaya ya Serengeti, waliondolewa kwa nguvu katika makazi yao, na nyumba zikachomwa moto. Watu 135, wakisaidiwa na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, walipeleka lalamiko kwenye Tume. Tume ilichunguza, na mwaka 2004 ikasema wazi kwamba haki za watu wale zilivunjwa, ikapendekeza walipwe fidia. Serikali haikukubali. Shauri likaenda mahakamani, si tena kuuliza ni nini kilichotendeka, bali kuuliza kama mapendekezo ya Tume yaweza kulazimishwa.

Msomaji atauliza: Basi ilifaa nini? Miaka 3 ya kungoja, jibu la kweli likatoka, na nyumba hazikusimama tena kwa jibu hilo. Hatutaki kuupunguza uchungu huo. Ni kweli kwamba jibu la kweli halimshibishi mtu, na serikali inayojiwekea sikio bila kuupa nguvu mkono wake yawadhihaki wanaolia. Lakini tutazame kilichobaki. Baada ya taarifa ile hakuna aliyeweza tena kusema kwamba watu wa Nyamuma walitunga hadithi. Deni liliandikwa, na jina la mdaiwa likaandikwa. Kama Tume ingewaambia kwa maneno mapana kwamba jambo lao "limeshughulikiwa," wangerudi nyumbani mikono mitupu, na lawama ingepotea hewani. Kwa kuwa ilisema kweli, kila mtu aliona lawama iliishia mlango gani. Hiyo si haki yote. Lakini pasipo hiyo haki nyingine haina pa kuanzia.

Twamaliza kwa kumfikiria mkuu huyo jioni, wenzake wamekwisha kwenda makwao. Juu ya meza kuna majalada ambayo sharti ayatie sahihi. Hakuwahoji mashahidi yeye mwenyewe. Ategemea kazi ya vijana walio chini yake, ambao wamechoka kama yeye. Ripoti ya mwezi yataka hesabu ya majalada yaliyofungwa, na hesabu kubwa humpendeza kila mtu. Hakuna atakayejua kama jalada la chini kabisa halikusomwa. Hakuna, ila yeye. Sheria yaweza kumpa madaraka, mshahara na kiti. Lakini saa ile haiwezi kumsimamia. Ndiyo maana twasema kwamba ofisi kama hii yategemea kwanza mtu asiyeweza kulala akijua ametia sahihi neno lisilo kweli.

Na watu wa namna hiyo hawaumbwi ofisini. Huanza jikoni, miguuni pa mama yule wa chungu na mwiko. Siku ambayo hana nafasi ya kuchunguza habari ya kalamu, asiivunje vipande viwili na kuiita hukumu. Aseme, "Wanangu, sasa siwezi, sijajua nani mkweli kati yenu, wala sisemi kwamba kuna mwongo. Kalamu ikae kwangu, na baada ya chakula tutaulizana." Watoto watanung'unika, maana ngoja ngoja huumiza matumbo. Lakini watakuwa wameambiwa kweli. Na baada ya chakula mama naye asisahau.